Kinu cha Utafiti: Kiwanda cha Nyutroni Ambacho Joto Lake ni Taka

Kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme na kinu cha nyuklia cha utafiti vinatumia fizikia moja, ila bidhaa zao ni tofauti kabisa. Kwenye kinu cha umeme, joto ndilo linalouzwa na nyutroni ni kitendea kazi tu. Kwenye kinu cha utafiti mambo ni kinyume: nyutroni ndizo zinazotafutwa, na joto ni taka inayosumbua kuiondoa. Ukilishika hilo, maumbo na desturi nyingi za vinu hivi zinaeleweka zenyewe: kwa nini maji yake hayachemki, kwa nini hakuna turbini, kwa nini vingi vimekaa ndani ya bwawa lililo wazi juu, na kwa nini moyo wa kinu, yaani sehemu yenye fueli, hufanywa mdogo kadiri inavyowezekana.

Nguvu za vinu hivi zinapishana mno. Vipo vinavyoendeshwa kwa wati chache tu ili kupima mahesabu na kufundishia. Vipo vya kilowati 30, vya kilowati 250, vya megawati 1 au 2. SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, kilichoanza mwaka 1965, kina megawati 20. Kinu cha taasisi ya ILL mjini Grenoble, Ufaransa, kina megawati 58. HFIR cha Oak Ridge, Marekani, kinaendeshwa kwa megawati 85. Kinu kimoja kikubwa cha umeme hutoa joto la megawati 3,000 hivi. Hata hivyo wingi wa nyutroni katikati ya HFIR unazidi ule wa kinu cha umeme, kwa sababu megawati zote 85 zimebanwa katika ujazo mdogo sana.

Mnyororo na nyutroni zinazochelewa

Kiini cha urani-235, aina ya urani inayopasuka kwa urahisi, kikipasuka hutoa nishati ya elektroni-volti milioni 200 hivi, pamoja na nyutroni 2.4 kwa wastani. Ili kupata wati moja inabidi viini bilioni 31 vipasuke kila sekunde. Ili mnyororo huu wa mipasuko, mmoja ukizaa mwingine, ukae palepale bila kukua wala kufifia, kati ya hizo nyutroni 2.4 ni moja tu inayotakiwa kupasua kiini kingine. Hapo mafundi husema kinu kimefika mizani. Nyutroni zinazobaki humezwa na urani-238, na maji, na alumini, na fimbo za kudhibiti, au hutoroka nje ya moyo wa kinu.

Kwa mwenye kinu cha umeme, nyutroni inayotoroka ni hasara. Kwa mtafiti ndiyo mali. Kwa hiyo moyo hufanywa mdogo makusudi ili nyingi zitoroke, kisha huzungushiwa berili, maji mazito (yenye hidrojeni nzito) au grafiti. Vitu hivyo hupunguza kasi ya nyutroni bila kuzimeza sana, hivyo zinajazana nje kidogo tu ya fueli, mahali ambapo kuna nafasi ya kuweka sampuli na mabomba ya kuzitoa nje. Nyutroni huzaliwa na kasi ya kilomita 20,000 hivi kwa sekunde. Baada ya kugongana na hidrojeni ya maji mara kadhaa hushuka hadi kilomita 2.2 kwa sekunde, na katika kasi hiyo ndogo urani-235 hupasuka kwa urahisi mara mamia zaidi.

Swali ambalo wengi huuliza ni hili: ikiwa kizazi kimoja cha nyutroni huishi sehemu ndogo mno ya sekunde, binadamu anawezaje kukidhibiti? Chukua kizazi cha sekunde 0.0001 na ziada ya nyutroni ya asilimia 0.1 tu. Kwa hesabu hiyo nguvu ingepanda mara 22,000 ndani ya sekunde moja. Hakuna mkono wala mota ya kuwahi hilo. Kinachookoa ni kwamba asilimia 0.65 ya nyutroni za urani-235 hazitoki papo hapo; hutolewa na mabaki ya mpasuko baada ya sekunde kadhaa, nyingine karibu dakika nzima. Ziada ikiwa chini ya hiyo asilimia 0.65, mnyororo hauwezi kukua bila kuzisubiri hizi zinazochelewa, na ile ziada ya asilimia 0.1 sasa inahitaji karibu dakika nzima kuzidisha nguvu mara 2.7. Ziada ikivuka mpaka huo, kinu hakisubiri tena. Kanuni nyingi za uendeshaji, kuanzia kasi ya kuinua fimbo hadi uzito wa sampuli inayoruhusiwa, zipo ili mpaka huo usifikiwe kwa bahati mbaya.

Fueli: mabamba membamba na urani nyingi

Aina inayotumika zaidi kwenye vinu vyenye nguvu kubwa ni fueli ya mabamba. Bamba moja lina unene wa milimita 1.27 hivi: katikati kuna tabaka la milimita 0.51 lenye urani, na kila upande kuna gamba la alumini la milimita 0.38. Mabamba kama 19 hadi 23 hupangwa sambamba, yakiacha mfereji wa maji wa milimita 2 hadi 3 baina yao, na kukazwa kwenye kuta mbili za pembeni. Hilo ndilo tita moja la fueli, lenye upana wa sentimita 8 kwa 8 hivi, na urefu wa sehemu yenye urani ni sentimita 60. Matita kama 20 hadi 30 hutosha kuunda moyo wa kinu cha megawati kadhaa.

Umbo hilo jembamba ni jibu la tatizo la joto. Mabamba mengi yana eneo kubwa la kugusana na maji, na alumini hupitisha joto vizuri, kwa hiyo fueli hubaki na nyuzi mia moja na kitu tu hata pale inapotoa nguvu kubwa kwa kila sentimita ya ujazo.

Kulitengeneza bamba ni kazi ya wahunzi na wakemia kwa pamoja. Unga wa mchanganyiko wa urani na silikoni huchanganywa na unga wa alumini, hukandamizwa kuwa kipande cha mstatili, kipande hicho huwekwa ndani ya fremu ya alumini na kufunikwa juu na chini. Kisha vyote hupashwa moto na kupitishwa kwenye roli mara nyingi hadi vishikane na kuwa bamba moja. Baada ya hapo bamba hupashwa tena: mahali ambapo gamba halikushika vizuri, hewa iliyonaswa huvimbisha lengelenge na bamba hilo hukataliwa. Picha ya eksirei huonyesha kama urani imesambaa sawasawa, na mawimbi ya sauti hutafuta nyufa zisizoonekana. Ukali huu una sababu: penye urani nyingi kuliko inavyotakiwa ndipo bamba litakapochemka kwanza.

Urani ya asili ina asilimia 0.7 tu ya urani-235. Vinu vingi vya utafiti vya zamani vilitumia urani iliyorutubishwa, yaani iliyoongezewa sehemu ya urani-235, hadi asilimia 90 na zaidi, kwa kuwa ndivyo moyo unavyokuwa mdogo na nyutroni kuwa nyingi. Lakini urani ya kiwango hicho ndiyo pia ya bomu. Mwaka 1978 Marekani ilianzisha mpango wa kuvibadilisha vinu hivi vitumie urani iliyo chini ya asilimia 20. Fueli nyingi za leo huandikwa asilimia 19.75, pengo dogo likiachwa ili vipimo visije vikavuka mpaka.

Kubadilisha huko si kutoa moja na kuweka nyingine. Ukishusha kiwango kutoka asilimia 93 hadi 19.75, ili ubaki na urani-235 ileile unahitaji urani yote kwa jumla mara 4.7, na juu yake uongeze kidogo kufidia nyutroni zinazomezwa na urani-238. Bamba halikui, kwa hiyo urani lazima isongamane zaidi. Fueli ya silikoni ilifikisha gramu 4.8 za urani kwa sentimita ya ujazo, na hiyo ilitosha kwa vinu vingi. SAFARI-1 kilimaliza kubadilika mwaka 2009. Vile vyenye nyutroni nyingi kupindukia, kama cha Grenoble ambacho moyo wake ni tita moja tu lenye urani isiyofika kilo 10, vinahitaji msongamano mkubwa zaidi. Tegemeo kuu limekuwa mchanganyiko wa urani na molibdeni, ambao hufika gramu 8, lakini unapokaa kinuni huelekea kumenyuka na alumini inayouzunguka na kuvimba.

Aina ya pili inayostahili kutajwa ni TRIGA, iliyobuniwa na kampuni ya General Atomics; cha kwanza kiliwashwa mwaka 1958. Hii si mabamba bali ni fimbo nene za sentimita 3.7 hivi, na ndani yake urani imechanganywa na zirikoni iliyojaa hidrojeni. Ujanja uko hapo. Kwenye fueli nyingine kipunguza kasi, yaani maji, kiko nje ya fueli. Kwenye TRIGA sehemu kubwa ya hidrojeni imo humohumo. Fueli ikipata joto, hidrojeni hutikisika na kuzisukuma nyutroni badala ya kuzituliza. Zikienda kasi, chache hupasua urani na nyingi hutoroka. Haya hutokea mara tu fueli inapopata joto, bila kusubiri maji yapashwe, bila fimbo kushuka, bila mtu kugusa kitu. Kinu cha TRIGA cha Vienna, ambacho kwa kawaida ni cha kilowati 250, kinaweza kurushiwa fimbo nje kwa hewa iliyoshindiliwa: nguvu hupaa hadi megawati 250, na ndani ya mamilisekunde 40 hivi hujizima yenyewe. Vinu vingi vya aina nyingine vingeharibika. Udhaifu wa fueli hii ni hiyohiyo hidrojeni: joto likizidi sana, hutaka kutoka na kusukuma gamba kwa ndani, ndiyo maana fimbo kadhaa huwa na vipima joto vilivyozikwa katikati yake.

Kuwasha

Fimbo za kudhibiti hubeba vitu vinavyomeza nyutroni: boroni, kadimi, hafni, au mchanganyiko wa fedha, indi na kadimi. Huning'inia kwenye sumaku za umeme. Umeme ukikatika, au kipimo chochote cha usalama kikivuka mpaka, sumaku huachia na fimbo huanguka kwa uzito wake, kwa kawaida chini ya sekunde moja. Muda huo hupimwa mara kwa mara. Fimbo iliyoanza kuchelewa ni dalili ya kupinda au ya uchafu njiani. Sheria nyingine isiyo na mjadala ni kwamba hata fimbo yenye nguvu kuliko zote ikikwama juu, zilizobaki zitoshe kukizima kinu.

Kabla ya kuwasha, zamu hupitia orodha: kimo cha maji, usafi wake, vipima mionzi vya ukumbi, feni za kutoa hewa, na kila njia ya kuzima kwa dharura hujaribiwa kwa kulazimishwa iachie. Kisha huthibitishwa kuwa chanzo cha nyutroni, mara nyingi mchanganyiko wa ameriki na berili, kimo ndani na vipimaji vinakiona. Hatua hii inaonekana ndogo lakini ni kubwa. Bila chanzo unaweza kuinua fimbo hadi kupita mizani huku mshale ukionyesha sifuri, na nyutroni ya kwanza ikitokea hukuta kinu kimeshajiandaa kuruka. Kwa hiyo mfumo hufunga mota za fimbo kama hesabu ya chanzo, yaani idadi ya nyutroni ambazo vipimaji vinazihesabu kila sekunde, haijafika kiwango fulani.

Fimbo za usalama huinuliwa kwanza na kuachwa juu tayari kuanguka. Zinazobaki huinuliwa kwa vipande, na baada ya kila kipande mwendeshaji husubiri hesabu itulie. Kila hesabu inapokuwa maradufu, umbali uliobaki hadi mizani umepungua kwa nusu. Mwendeshaji mwenye moyo mpya wa kinu asioujua bado huchora grafu ya moja kugawanya kwa hesabu, na mstari unaposhuka kuelekea sifuri unambashiria ni wapi kinu kitafika. Karibu na mizani, kutulia huchukua muda mrefu zaidi, na hapo ndipo wanafunzi wasio na subira hukosea kwa kuinua tena mapema. Kinu kikishafika, hesabu hubaki imara hata chanzo kikitolewa. Kisha nguvu hupandishwa polepole, kwa mfano ikizidi mara 2.7 kila sekunde 30 au zaidi; ikipanda kwa kasi kuliko ilivyoruhusiwa, fimbo huanguka zenyewe.

Vipimaji vya nyutroni vinaonyesha uwiano, si wati. Wati halisi hupatikana kwa kupima joto la maji. Kwenye bwawa la meta za ujazo 20, pampu za kupoza zikizimwa na kinu kikiendeshwa kwa kilowati 250, maji hupanda nyuzi 10.7 kwa saa. Ukisoma nyuzi 9.6 huku mshale ukidai kilowati 250, basi kweli unaendesha 225 hivi. Kosa la kawaida ni kutokoroga maji: tabaka la juu hupata joto mapema, na kipima joto kilicho juu hudanganya.

Kwenye vinu vyenye nguvu kubwa kuna mtego mwingine: zenoni-135. Huzaliwa kutokana na iodini-135, ambayo nusu uhai wake, yaani muda wa nusu ya atomi zake kugeuka, ni saa 6.6, na hakuna kitu chenye kumeza nyutroni kama hiyo. Kinu kikiwa kazini, nyutroni zenyewe huiteketeza karibu kwa kasi inayozaliwa. Kikizimwa, iodini iliyobaki huendelea kuizalisha na hakuna wa kuiteketeza, hivyo huongezeka kwa saa kama 11 kabla ya kuanza kupungua. Hitilafu ndogo ya umeme ikiangusha fimbo za kinu cha aina hii, zamu ina nusu saa hivi ya kutafuta sababu na kuwasha tena. Ikichelewa, fimbo zote zinaweza kuwa juu kabisa na kinu kisishike; hapo ni kungoja siku moja na nusu au mbili, au kubadilisha fueli. Kinu cha kilowati 30 hakijui shida hii.

Maji

Maji yaleyale hupoza fueli, hupunguza kasi ya nyutroni na hukinga watu. Meta 6 au 7 juu ya fueli zinatosha mtu kusimama ukingoni na kuutazama ule mwanga wa buluu, unaotokea pale elektroni zinapopita majini kwa kasi inayozidi ya mwanga ndani ya maji.

Usafi wa maji ndio unaoamua umri wa fueli. Alumini hustahimili maji yasiyo na chumvi, yenye asidi kidogo, pH 5 hadi 6.5 hivi, juu ya hapo utando unaoilinda hulika. Upitishaji umeme hutakiwa uwe karibu na maikrosimensi 1 kwa sentimita au chini yake. Kloridi kidogo huchimba vishimo kwenye gamba, na shaba iliyotoka kwenye bomba au vali isiyofaa hufanya vivyo hivyo. Resini za kusafisha nazo huharibika joto likifika kama nyuzi 60, na zikiharibika huyarudishia maji kile zilichokuwa zimekinasa.

Nyutroni za kasi hugeuza oksijeni ya maji kuwa naitrojeni-16, yenye mionzi mikali lakini nusu uhai wa sekunde 7.1 tu. Ndiyo sababu vinu vya megawati kadhaa mara nyingi husukuma maji kutoka juu kwenda chini, kisha kuyapitisha kwenye tangi la kuchelewesha: sekunde 71 hupunguza mionzi hiyo mara elfu. Lakini mpangilio huo una gharama. Pampu zikisimama, fueli bado inatoa joto la mabaki, asilimia 6 hivi ya nguvu mara tu baada ya kuzimwa, asilimia 1.5 hivi baada ya saa moja. Maji ya moto hutaka kupanda wakati mkondo ulikuwa ukishuka, na kwa kitambo mkondo lazima usimame na kugeuka. Vali za kufunguka zenyewe kwa kukosa shinikizo huwekwa kwa ajili ya dakika hiyo, na nazo hujaribiwa.

Nyutroni zinafanya kazi gani

Kazi inayopatikana hata kwenye kinu kidogo ni kuchunguza elementi. Sampuli ya miligramu 100 hivi, iwe udongo, nywele au mwamba, hufungwa kwenye kichupa cha plastiki na kurushwa hadi kwenye fueli kwa bomba la hewa. Nyutroni huzifanya atomi ziwe na mionzi, na kila isotopu, yaani aina ya atomi ya elementi fulani, hutoa miali ya gama yenye nishati yake. Alumini husomwa ndani ya dakika chache, kwani alumini-28 ina nusu uhai wa dakika 2.24, manganizi na sodiamu husomwa saa kadhaa baadaye, chuma, zinki na kobalti hungoja wiki mbili au tatu hadi kelele za nyingine zitulie. Sampuli haiyeyushwi kwa asidi, hivyo haichafuki. Anayeanza aangalie hili: nyutroni za kasi hugeuza silikoni pia kuwa alumini-28, kwa hiyo mchanga mtupu unaweza kuonekana una alumini. Na bomba lirushe kwa naitrojeni badala ya hewa, la sivyo agoni ya hewa hugeuka agoni-41 na kutoka nje.

Kwenye vinu vikubwa, mabomba huongoza nyutroni hadi ukumbini. Nyutroni iliyotulia ina urefu wa wimbi wa nanomita 0.18, unaolingana na nafasi kati ya atomi, kwa hiyo hutawanyika kwa namna inayofichua mpangilio wa atomi hizo. Eksirei huona elementi nzito vizuri na hidrojeni kwa shida. Nyutroni huiona hidrojeni waziwazi. Ndiyo maana hutumika kutazama maji, mafuta au gundi ndani ya chuma, na kufuatilia sumaku ndani ya mata. Anayetaka mawimbi marefu zaidi huzipoza nyutroni kwa hidrojeni ya kimiminika, kwenye nyuzi 250 hivi chini ya sifuri.

Viwanda vya elektroniki navyo ni wateja. Silikoni ya asili ina asilimia 3.1 ya silikoni-30. Ikimeza nyutroni hugeuka silikoni-31, na kwa nusu uhai wa saa 2.6 huwa fosforasi. Fosforasi hiyo hukaa sawasawa kote kwenye gogo la silikoni, jambo ambalo kuichanganya kwa moto hakuwezi kulifikia. Gogo huzungushwa muda wote ili upande mmoja usipate nyutroni zaidi.

Lakini matumizi yanayogusa watu wengi zaidi ni dawa. Tekineti-99m, inayotumika katika takriban asilimia 80 ya uchunguzi wa tiba ya nyuklia, huzaliwa na molibdeni-99. Mabamba madogo ya urani huwekwa karibu na moyo wa kinu kwa siku 5 hadi 7. Katika kila mipasuko 100, sita hivi huacha molibdeni-99. Kisha huyeyushwa ndani ya vyumba vyenye kuta nene kwa mikono ya mashine, molibdeni huchujwa na kupakiwa kwenye nguzo ndogo ya oksidi ya alumini. Hospitali hupitisha maji ya chumvi na kukamua tekineti kila siku. Nusu uhai wa molibdeni hiyo ni saa 66: takriban asilimia 1 hupotea kila saa. Haiwekwi ghalani. Kwa hiyo mwezi Mei 2009, kinu cha NRU cha Chalk River, Kanada, kilipogundulika kuvuja maji mazito na kuzimwa hadi Agosti 2010, na kile cha Petten, Uholanzi, nacho kikafungwa kwa matengenezo kuanzia Februari hadi Septemba 2010, hospitali nyingi duniani ziliahirisha vipimo. Dunia ilikuwa imetegemea vinu vichache vilivyojengwa miaka ya 1950 na 1960.

Yanapoharibika

Watu hudhani hatari hufuata megawati. Kumbukumbu za ajali hazisemi hivyo. Zinaelekeza kidole kwenye mikono, hasa kinu kinapokuwa kimezimwa na watu wanakishughulikia. Tarehe 3 Januari 1961 huko Idaho, kinu kidogo cha jeshi la Marekani, SL-1, cha megawati 3, kiliua watu watatu baada ya fimbo ya katikati kuvutwa kwa mkono kama nusu mita. Muundo wenyewe ulikuwa na kosa: fimbo moja peke yake iliweza kukipitisha kinu mpaka wa nyutroni za papo hapo. Tarehe 23 Septemba 1983 mjini Buenos Aires, mwendeshaji wa RA-2, kinu kisicho na nguvu ya kutajika, alipanga upya fueli bila kuondoa maji yote tangini kama utaratibu ulivyotaka. Mnyororo ulilipuka kwa kitambo kidogo, naye akafariki siku mbili baadaye.

Aina ya pili ni mkondo kuzibwa. Mifereji ya milimita 2 hadi 3 huzibwa na kitu kidogo sana, na vipimo vya jumla vya mtiririko havishtuki kwa sababu ya tita moja. Mwaka 1961 kwenye kinu cha ETR cha Idaho, kifaa cha plastiki angavu kilichosahaulika tangini kiliziba maji na baadhi ya mabamba yakayeyuka. Tangu hapo vinu vingi huhesabu kila kifaa kinachoingia na kutoka bwawani, na plastiki angavu hupigwa marufuku kwa sababu haionekani majini.

Ya karibuni ni ya kinu cha NIST, taasisi ya viwango na teknolojia huko Maryland, Marekani, chenye megawati 20. Tarehe 3 Februari 2021 kilipokuwa kikiwashwa, tita moja ambalo halikufungwa sawasawa wakati wa kubadilisha fueli lilikuwa limeinuka kutoka mahali pake, likakosa maji ya kutosha na sehemu yake ikayeyuka. Vipima mionzi vya hewa vilikizima chenyewe, lakini kilikaa miaka miwili bila kazi. Kufungwa kwa tita kulikuwa kumekaguliwa; tatizo ni kwamba ukaguzi wenyewe haukutosha kutofautisha tita lililofungwa na lililokaribia kufungwa.

Fueli ikishatumika

Megawati moja kwa siku moja hula gramu 1.25 hivi za urani-235. Kinu cha megawati 10 kikifanya kazi siku 25 kimetumia gramu 310 hivi, na matita yaliyochoka hupumzishwa bwawani kwa miaka kadhaa. Huko tishio ni kutu, maana alumini nyembamba haikukusudiwa kukaa majini kwa vizazi. Maji ya bwawa la kuhifadhia yakipuuzwa, gamba hutoboka na sesi, moja ya mabaki ya mpasuko, huanza kuonekana kwenye vipimo vya maji. Fueli nyingi yenye urani ya kiwango cha juu imerudishwa Marekani au Urusi, zilikotoka.

Vinu vidogo vya aina ya MNSR, vya kilowati 30, vina njia rahisi zaidi. Moyo wao wote ulikuwa na kilo moja hivi ya urani-235, na badala ya kuweka fueli mpya mara kwa mara, vipande vyembamba vya berili huongezwa juu ya moyo kadiri urani inavyopungua. Ziada yao ya nyutroni imewekwa chini ya ule mpaka wa nyutroni zinazochelewa, hata fimbo yao pekee ikitoka yote. GHARR-1 cha Ghana kilifanya kazi hivyo tangu mwaka 1994. Agosti 2017 moyo wake wa zamani ulisafirishwa kurudi China, na mahali pake ukawekwa wenye urani ya asilimia 13. Kwa kuwa urani-238 sasa inameza sehemu yake, kupata wingi uleule wa nyutroni kunahitaji kilowati 34.